Safari Nafuu: Nafuu kwa Nani?

Kila likizo kubwa inapokaribia, sisi walimu huketi chini ya mwembe wa shule tukifanya hesabu ambayo haimo katika vitabu vya wanafunzi. Mmoja huuliza nauli ya kwenda Rumonge imefika ngapi. Mwingine hujibu kwamba inategemea kama mafuta yamepatikana juma hilo. Wa tatu, mwenye watoto watano, hutikisa kichwa na kusema kwamba yeye atasafiri akishastaafu. Mazungumzo hayo ni ya kawaida, nasi tumeyashiriki mara nyingi pasipo kuyatia maanani. Lakini siku moja mwenzetu kijana alijigamba kwamba yeye, mkewe na wanawe watatu walikaa kando ya ziwa siku kumi bila kutoa hata faranga moja, ila nauli tu. Sote tulimpongeza. Jioni yake neno lile likaturudia kichwani: chakula cha watu watano kwa siku kumi hakikushuka kutoka mbinguni. Kama yeye hakutoa, aliyetoa ni nani?

Katika kurasa hizi aghalabu tunajadili ngeli na insha, na wasomaji watuwie radhi tukitoka kidogo nje ya darasa. Hata hivyo hatutoki mbali, kwa kuwa jambo lenyewe limejificha ndani ya neno. Tunasema "bei nafuu", na tunasema pia "mgonjwa amepata nafuu". Neno hili lina undugu na manufaa. Katika matumizi ya pili tunamwona aliyepata nafuu: amelala pale kitandani, jana hakuweza kuinua kichwa, leo amekunywa uji. Katika matumizi ya kwanza mwenye nafuu hatajwi. Bei imekuwa nafuu peke yake, kana kwamba nafuu ni sifa ya bei. Hapo ndipo tunapoanza kujidanganya.

Tuanzie njiani. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni mwendo wa kilomita 75 hivi kuelekea kusini, ziwa likiwa kuume na milima kushoto. Ni njia ya kupendeza macho, lakini haitabiriki. Mwezi Machi 1915 hakukuwa na barabara ya lami ya kuziba. Machi 2015 ilikuwapo, na mlima ukaporomoka pale Gitaza, ukaangamiza watu na makazi na kuikata njia hiyo. Miaka ya 2021 na 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu wa pwani. Juu ya hayo uhaba wa mafuta wa miaka hii umefanya nauli ya leo isiwe ya kesho. Basi abiria mwenye kipato kidogo hutafuta gari linalopunguza bei, na gari hupunguza bei kwa kuketisha wanne mahali pa watatu. Mtoto akipakatwa halipi. Anayelipia nafasi ile ni mama aliyempakata, kwa magoti yake, saa mbili au zaidi. Baba, ambaye ndiye aliyeandika bajeti, yuko mbele na dereva. Tunalisema hili kwa kuwa tumewahi kuwa baba huyo.

Yuko atakayeuliza: maskini ana haja gani ya matembezi? Si bora akae kwake, hesabu yote imwondokee? Swali hilo lina jibu zito katika pwani hii kuliko mahali pengi. Watu wa hapa wamesafiri sana, lakini bila kupanga. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalianzia sehemu hizi za Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchi nzima, na watu wengi mno wakakimbilia Tanzania na kwingineko. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, ng'ambo kidogo ya mpaka, wakingoja kuchukuliwa kwenda Kigoma na meli Liemba, chombo kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya ndugu zetu wa Kongo kukimbilia kwetu. Mkimbizi hapigi hesabu ya nauli. Kwa hiyo familia inayoketi jioni karibu na taa na kuandika: nauli kiasi hiki, sabuni, siku tatu, kurudi Jumapili, inafanya jambo ambalo wazee wake wengi walinyimwa. Katika orodha hiyo neno kubwa kuliko yote ni "kurudi". Hatukubali kabisa kwamba safari ya kumwona bibi, au ya kuonyesha watoto ziwa tu, ni anasa ya wenye nacho. Ndiyo sababu tunauliza jinsi inavyolipiwa.

Miaka michache iliyopita tulisimamia safari ya wanafunzi. Tuliweka mchango mmoja kwa wote, tukauteremsha kadiri tulivyoweza, tukajisifu kwamba ni nafuu. Wanafunzi kumi na mmoja hawakuweza kuulipa, wakabaki. Sisi wengine tuliondoka alfajiri tukiimba. Tulisimama kwanza Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, penye lile jiwe kubwa linalokumbusha safari ya Livingstone na Stanley. Juu yake yamechongwa majina yao mawili na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wanafunzi wakaandika majina hayo katika madaftari. Mmoja akauliza: walifikaje hapa? Tukaeleza kwamba walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakaona unaingia. Akauliza tena: mtumbwi wa nani?

Swali jema. Mtumbwi ulikuwa wa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, aliyewaazima. Makasia yalipigwa na watu wa pwani hizi. Aliyewapokea na kuwapa makao huku alikuwa mtawala Mukamba. Jina la Said halimo katika jiwe, la Mukamba halimo, wala la mpiga kasia hata mmoja. Mtu akilisoma jiwe lile peke yake atadhani wale wawili walitembea juu ya maji. Wala hatusemi hivyo kwa kuwalaumu wafu. Tulikuwa tumesimama pale na gari ambalo viti vyake kumi na kimoja vilijazwa na wanafunzi wa darasa jingine waliolipa, ili gharama itimie.

Tulifika Rumonge, tukaona michikichi na mawese, tukaona ndagala, ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa, wameanikwa wakimetameta juani. Tuliporudi tulitoa insha: "Safari Yetu ya Rumonge". Kwa uzembe wetu tuliitoa kwa darasa zima. Insha iliyotushinda kuisahihisha ilikuwa ya mmoja wa wale waliobaki. Aliuelezea mji ule kuliko wenzake wote: harufu ya mawese yakichemka, kelele za mwaloni alfajiri, mchanga unavyochoma nyayo saa sita. Mwisho akaandika kwamba bibi yake anakaa huko, naye hajamwona miaka miwili kwa kukosa nauli. Tulimpa alama nzuri. Hatukujua la kufanya zaidi.

Mwaka uliofuata tuliifupisha safari, tukaishia Mugere, na wanafunzi wote wakaenda. Wazazi kadhaa walilalamika kwamba watoto wao wamenyimwa Rumonge kwa ajili ya umaskini wa wengine. Hatukuwa na jibu la kuwanyamazisha, na mpaka leo hatunalo. Mwanafunzi yule naye hakumwona bibi yake. Haki ya kwenda wote ilipatikana kwa kutofika.

Sasa tuingie nyumbani, ambako hesabu ni ngumu kuliko ya shule, kwa kuwa haiandikwi.

Shangazi yetu anakaa Rumonge. Ni mjane, na kazi yake ni kununua ndagala kwa wavuvi, kuwaanika na kuwauza kwa wachuuzi wa mjini. Mwaka mmoja tulimwendea, sisi na mama watoto na watoto wanne, tukakaa siku tano. Tulichagua siku zile kwa kuwa shule imefungwa na nauli ilikuwa imeshuka kidogo. Mwezi wa angani hatukuutazama. Msomaji wa bara huenda hajui kwamba ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa taa: zamani karabai, siku hizi za betri. Samaki huufuata mwanga ule wakaingia wavuni. Mbalamwezi ikijaa, ziwa lote huwa taa moja, na taa ya mvuvi haina mvuto. Siku hizo mitumbwi hupumzika, wavu hushonwa, na mtu kama shangazi hana anachonunua wala anachouza. Sisi tulifika mwezi ukiwa mpevu. Watoto waliusifu sana ulivyong'aa juu ya maji.

Kila jioni palikuwa na mikeke mezani, yaani migebuka, na wali. Tulirudi Bujumbura tukisema safari imekuwa nafuu kuliko tulivyotarajia. Baada ya miezi miwili binamu yetu aliteleza ulimi: shangazi alikula mtaji wake, tena akakopa dukani, na deni lilikuwa halijaisha.

Tulipomwendea tena tulichukua bahasha. Tulimpa faraghani, kwa mikono miwili, kama inavyostahili. Akaifungua, akaitazama, akaturudishia.

"Mwanangu, hii ni ya nini? Nyumba yangu imekuwa hoteli?"

Tukasema ni ya sukari tu.

"Sukari huletwa ikiwa sukari," akasema, akaenda kutazama moto.

Jibu hilo tumelifikiri kuliko vitabu kadhaa tulivyosoma chuoni. Mtu mwenye deni anarudisha fedha iliyo haki yake. Je, ni kiburi? Tuliona hivyo usiku ule, tena tukaudhika. Baadaye tukatambua kwamba bahasha yetu ilikuwa inafanya kitu kingine: ilikuwa inafunga hesabu. Anayelipa na kupokea risiti hana tena la kudaiwa, na asiyedaiwa si jamaa, ni mteja. Shangazi alikuwa tayari kubeba deni la dukani, lakini hakuwa tayari kutuondolea sisi deni lake.

Wahenga wametuachia misemo miwili juu ya mgeni. Mmoja husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa pili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi huambiwa kwamba methali hizi zinapingana. Sisi tumeacha kufundisha hivyo. Jembe la siku ya tatu halimfukuzi mgeni. Linamtoa katika mkeka wa kuandaliwa na kumtia katika kazi ya nyumba, na hapo ndipo mwenyeji anapopona. Lakini ni lazima mgeni mwenyewe alitafute jembe hilo, kwa sababu mwenyeji muungwana hatalitoa hata akifa njaa.

Basi tulibadili mpango. Kabla ya kuuliza nauli tunauliza mwezi uko wapi. Tunapeleka sukari ikiwa sukari, na mchele, na sabuni ya miche. Tunakaa siku tatu badala ya tano. Alfajiri watoto huenda na shangazi kuanika, wakinung'unika juu ya harufu. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati, alipoyasikia hayo alicheka, akasema hatukufanya zaidi ya kuificha bahasha ndani ya gunia la mchele. Yamkini ana haki. Tunachoweza kumjibu ni kwamba mchele tunaula pamoja naye, na bahasha angebaki nayo peke yake tukiwa tumekwisha kuondoka.

Lakini shangazi mwenyewe ndiye aliyetuonyesha kwamba karatasi yetu bado ilikuwa na kosa. Jioni moja, tukiagana, aliuliza kwa sauti ya mzaha: "Na mimi, mwanangu, nitakuja lini kwenu?" Tukacheka. Katika gari hatukucheka tena. Kwa miaka yote tuliyopanga safari zetu, tukikata hapa na kuongeza pale, hatukuwahi kuandika hata mara moja nauli ya mtu anayetoka Rumonge kuja Bujumbura. Tulikuwa na sababu: ndagala hawaachwi, nyumba yetu ni ya vyumba viwili, safari humchosha mtu mzima. Sababu zote zilikuwa za kweli, na zote zilikuwa nafuu kwetu.

Alikuja mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa ndio wakati wake wa kupumzika. Tulimlipia kiti kizima, asibanwe. Alishuka na dumu la mawese na kikapu cha ndagala, na dereva alikuwa amekwisha kumtoza mzigo. Aliuliza kiti ni bei gani, tukamtajia nusu. Alilala chumba cha watoto, watoto wakalala sebuleni, na mikate ya asubuhi ilipanda tukaihisi mfukoni juma zima. Siku ya tatu tulimkuta uani kabla ya jua, amekwisha kufagia, akituuliza jembe tunaliweka wapi.