Wao Wapunguziwe, Sisi Tungoje?

Hapa Voi hoja hii naisikia kwenye steji na hata kwa wasomi: mpunguzie tajiri ushuru, atawekeza, ataajiri, na mwishowe serikali itakusanya pesa nyingi kuliko mwanzo.

Si hoja ya kijinga. Ibn Khaldun aliiandika mwaka 1377: dola changa hutoza kidogo ikapata kingi, dola iliyochoka hutoza kingi ikapata kidogo. Ukimnyang'anya mtu jasho lake lote, atalala.

Lakini je, Kenya ilikuwa imefika huko? Aprili 2020 ushuru wa faida za kampuni za humu nchini ulishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kiwango cha juu cha ushuru wa mishahara vilevile. Sasa piga hesabu. Faida ya shilingi 100 iliyoleta 30 inaleta 25. Ili serikali irudi pale pale ilipokuwa, faida lazima ifike 120. Hapo bado haijaongeza hata ndururu.

Kweli, ulikuwa mwaka wa korona, na hoteli za Tsavo zilikosa wageni. Shamba la mahindi halipimwi kwa mwaka wa ukame. Na wadogo walikumbukwa pia: VAT ilishuka kutoka 16 hadi 14. Ila Januari 2021 viwango hivyo vitatu vilirudi juu. Serikali yenyewe haikuweza kungoja.

Na kungoja ndiko kunakonisumbua. Tuseme ile 120 itafika, lakini baada ya miaka mitano. Nani anangoja? Si aliyepunguziwa, yeye pesa tayari iko mfukoni. Anayengoja ni mama aliye kwenye foleni ya dawa, na mwanafunzi wa Kasigau anayetegemea basari. Isipofika je? Tajiri harudishi kitu. Pengo linazibwa kwa VAT, na muuza nyanya wa sokoni hulipa asilimia ile ile ya sabuni anayolipa mwenye hoteli.

Kila kijana anayebeti anajua sheria: dau lako, hasara yako. Hapa mmoja anaweka dau kwa pesa za mwingine, akishinda anakula, akishindwa analipa mwenzake.

Sikatai kupunguza. Ila anayeapa kwamba pesa itarudi, akubali kuandikiwa tarehe: siku hiyo ikifika na pengo bado lipo, alizibe yeye. Akikataa, basi hata yeye haamini.