Nani Aliyeiona Filamu?

Filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock ilitoka mwaka 1960. Ilipotimiza miaka 60, mwaka 2020, iliuzwa upya kwa ajili ya kutazamiwa nyumbani, safari hii katika ubora wa 4K. Nakala hiyo ilifika Kirongwe, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, ndani ya kompyuta ya kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, nayo ikazua mabishano barazani. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha kibanda umiza enzi za mikanda ya VHS alisema picha mpya inapendeza, ila ile nyumba iliyo juu ya hoteli ya Norman Bates, muuaji wa filamu hiyo, haimtishi tena kama zamani. Kijana akamjibu kwa sauti ya upole: "Samahani, mzee wangu, wewe filamu hii hukuiona. Uliona chenga." Baraza zima likacheka. Mzee akanyamaza.

Kicheko kile hakikuwa cha haki, na ndicho kilichozaa insha hii. Swali lililofichika ndani yake linaipita Psycho. Kazi ya sanaa inapokarabatiwa, nani anayestahili kusema imekarabatiwa vizuri? Ni mwenye chombo bora cha kuitazamia, au ni yule ambaye kazi hiyo imekaa moyoni mwake miaka thelathini?

Ukarabati wa filamu una maana yake ya kawaida, ambayo haina haja ya kugombewa: ni kuirudisha picha na sauti karibu iwezekanavyo na zilivyokuwa kazi ilipotoka mikononi mwa watunzi wake. Wapo wanaosema kumbukumbu hudanganya, na ni kweli. Wapo wanaosema mtunzi ana haki kazi yake ionekane kama alivyokusudia, nao wana haki kusema hivyo, ingawa Hitchcock mwenyewe alitaka mauaji ya bafuni yapite bila muziki, na ni mtunzi wa muziki Bernard Herrmann aliyemwonyesha kwamba vinahitajika vile vilio vya nyuzi. Hoja hizo ni za heshima. Isiyovumilika ni ile ya barazani, kwamba aliyeona nakala mbovu hakuona kitu, kwa hiyo hana la kusema.

Tuichukue hoja hiyo kama inavyojitangaza, tuone inatupeleka wapi.

Tuanze na wale watu wa 1960 waliopanga foleni New York, wakazuiwa kuingia pindi filamu ikishaanza, kwa amri ya Hitchcock mwenyewe. Wale hawakuiona negativu, yaani ile filamu asilia iliyopita ndani ya kamera. Waliona nakala iliyotolewa kutoka nakala nyingine, ikapita kwenye mashine za kila aina na kuokota mikwaruzo kila wiki. Ikiwa kuona maana yake ni kuona kitu kisicho na dosari, basi hata wao hawakuiona. Hofu iliyowafanya wapige mayowe ilitoka wapi?

Halafu yapo makato. Nakala ya 2020 ilirudisha vipande vya sekunde chache ambavyo watazamaji wa Marekani walivikosa kwa miongo mingi, ilhali nakala zilizoonyeshwa Ujerumani zilibaki navyo: Norman akimchungulia Marion, yule anayeuawa bafuni, tunduni kwa muda kidogo zaidi, mikono yake yenye damu, visu vya ziada anavyochomwa mpelelezi Arbogast. Je, wasomi wote walioandika juu ya Psycho wakitegemea nakala iliyokatwa tuwaambie nao hawakuiona? Hakuna anayethubutu. Vitabu vyao bado viko rafu za maktaba na bado vinanukuliwa. Upungufu wa nakala unakuwa kosa pale tu mtazamaji anapokuwa mzee wa Kirongwe.

Sauti nayo inaisumbua hoja hii. Psycho ilitengenezwa kwa sauti ya mono, njia moja tu. Kwa ajili ya Blu-ray ya mwaka 2010, wataalamu waliichambua sauti hiyo moja, wakatenganisha muziki, maneno na vishindo, wakavisambaza kwenye spika zinazomzunguka mtazamaji. Ni kazi ya ustadi. Lakini ni sauti ambayo hakuna binadamu aliyeisikia mwaka 1960. Aliyekaa mbele ya runinga yenye spika moja inayokwaruza alikuwa, kwa upande wa sauti, karibu zaidi na mpango wa filamu hiyo kuliko aliyezungukwa na spika tano.

Umbo la picha linaleta kioja kingine. Kamera ilipiga picha ndefu kwenda juu na chini, kisha majumba ya sinema yakafunika sehemu hizo ili ibaki picha pana. Mikanda ya runinga za zamani, zilizokuwa karibu mraba, iliacha sehemu hizo wazi. Kwa hiyo mwenye mkanda aliona picha zaidi kuliko mwenye diski. Hilo halimfanyi kuwa na haki zaidi, maana Hitchcock aliipanga picha yake kwa umbo pana. Linaonyesha tu kwamba "kuona zaidi" na "kuona sawasawa" ni mizani mbili, na kwamba kijana aliitumia moja huku akidhani ameshika nyingine.

Kuna jambo moja ambalo kijana angeweza kulisema, hakulisema, na lingemsaidia. Mwishoni kabisa Norman anatabasamu akiwa ameketi peke yake, na kwa kitambo kidogo fuvu la mama yake linapita juu ya uso wake. Ni kivuli chepesi sana. Kwenye mkanda uliochoka fuvu hilo humezwa na ukungu, na bila lile fuvu tabasamu la Norman hubaki la mwendawazimu tu, lisiwe la watu wawili ndani ya mwili mmoja. Hapo ukarabati unarudisha sehemu ya maana ya filamu. Lakini hiyo ni sababu ya kumwonyesha mzee sekunde zile, wakae wazijadili pamoja. Kumnyamazisha ni jambo jingine.

Kwamba nakala yenye dosari nayo huibeba hadithi, watu wa Mafia wangepaswa kulielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu hadithi yao kubwa ya kutisha haina negativu. Ni ile ya miji miwili ya kale, Kua iliyo kisiwani Juani na Kisimani iliyo magharibi, ambayo sehemu yake kubwa imeliwa na bahari. Masimulizi husema watu wa mji mmoja walishusha jahazi jipya majini wakalipitisha juu ya watoto wa mji wa pili, waliolazwa mahali pa magogo. Waliofiwa hawakupiga kelele. Walisubiri miaka, kisha wakawaalika wenzao harusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na wageni walipokuwa katikati ya karamu mlango ukajengewa kwa mawe. Wasimulizi hupishana kuhusu nani alianza, miaka mingapi ilipita na nani alibaki chumbani kuwachangamsha wageni wasishtuke. Wapo wanaosema alikuwa mzee aliyejitolea kufa nao. Hadithi hii inatisha kwa ule utulivu wa wenye msiba, kwa tabasamu la mwenyeji anayejua, na utulivu huo umevuka vinywa vyote vilivyouharibu na kuutengeneza. Anayeyatembelea magofu ya Kua, kuta za matumbawe zilizobanwa na mizizi, hamwambii msimulizi wake kwamba hadithi hakuisikia kwa kuwa hakuipata kwa mtu wa kwanza.

Magofu hayo yanagusa swali la warekebishaji wa kila fani. Mwitaliano Cesare Brandi, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya nadharia ya ukarabati, alidai kwamba kazi irudishiwe umoja wake bila kughushi, na bila kufuta kila alama ya safari yake katika wakati. Filamu zimeonja gharama ya kupuuza sharti hilo la pili. Diski ya Predator ya mwaka 2010 ilisafishwa kwa kompyuta mpaka chembechembe za filamu zikaisha, na nyuso za wanajeshi zikang'aa kama nta. Vertigo ya Hitchcock ilipokarabatiwa mwaka 1996, vishindo na nyayo vilirekodiwa upya, na waliozizoea sauti za zamani walilalamika. Walisikilizwa, ijapokuwa hoja yao ilikuwa ileile ya mzee wa Kirongwe: hii siyo niliyoijua.

Tatizo linakuwa gumu zaidi tukija kwenye mikanda yetu. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alipata jina Dar es Salaam kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikitembea juu ya sauti za waigizaji. King Rich aliisimulia Karishika, filamu ya kutisha ya Nigeria kuhusu wakala wa Lusifa anayetumwa duniani kuwinda roho. Kwa watazamaji wengi, hofu ya Karishika ilitoka pia kinywani mwa King Rich. Mrekebishaji atakayeirudisha filamu hiyo katika usafi wake ataitupa sauti hiyo kama uchafu, na kwa kanuni za kazi yake hatakuwa amekosea.

Uganda imeshaonyesha njia nyingine. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Nakala isiyo na msimulizi imepotea. Iliyobaki ni ile ambayo msimulizi VJ Emmie anapaza sauti, anawatania wahusika na kuisifu filamu palepale inapoendelea. American Genre Film Archive ya Marekani ilipoitoa katika Blu-ray mwaka 2019, VJ Emmie alikuwamo.

Lakini tuseme kesho nakala isiyo na msimulizi ipatikane katika diski iliyosahauliwa kabatini. Anayemtetea mzee wa Kirongwe hawezi kuikataa, maana atamnyima Nabwana kazi yake kama ilivyotoka mikononi mwake. Hawezi pia kuitangaza kuwa ndiyo filamu ya kweli, maana atawaambia maelfu waliocheka na VJ Emmie kwamba waliona chenga. Diski inaweza kubeba njia mbili za sauti, mtu akabonyeza aitakayo. Siku ya kuionyesha ukumbini mbele ya watu itachezwa moja tu, na atakayeshika kitufe atadaiwa sababu ambayo mpaka sasa si kijana wa kompyuta wala mtetezi wa mzee aliye nayo.