Ikiuzwa Hairudi

Suala lililoletwa katika darasa letu hapa Isiolo, nalo likatushughulisha majuma matatu baina ya Maghribi na Isha, ni hili. Mwenye lori lililokufa injini alinunua injini nyingine, miongoni mwa zile zilizokwisha kutumika Japani, zikateremshwa Mombasa, zikauzwa Nairobi katika maduka ya Kirinyaga Road, kisha wafanyabiashara wakazipandisha huku kwetu. Muuzaji alimwandikia risiti yenye muhuri wa maneno tunayoyajua sote: mali ikiuzwa hairudi. Kwa mdomo alimwongezea dhamana ya siku 14. Fundi wa mjini akaifunga. Siku ya 19 injini ilichemka hata ikazima njiani kupita Archers Post, na ilipofunguliwa ikaonekana kichwa cha silinda kina ufa, na juu ya ufa pana alama ya kuchomelewa zamani.

Muuzaji asema siku zimekwisha, na muhuri upo. Fundi asema kazi yake ni kufunga injini, si kupiga ramli. Mwenye lori, aliyeuza ng'ombe wanane ili apate fedha hizo, asema amedhulumiwa na wote wawili. Nao watatu husali safu moja, na sasa hawapeani salamu. Hatutawataja majina, kwani tunaloliandika ni hukumu ya jambo, wala si aibu ya watu.

Wengi waliosikia habari hii walisema upesi: "Alikubali mwenyewe. Risiti aliisoma, fedha alizitoa kwa mkono wake." Neno hili lina nguvu, maana biashara haiwi halali ila kwa kuridhiana. Lakini yatupasa tuulize: aliridhia nini? Mtu huridhia kitu akijuacho, au kitu ambacho yeye na mwenzake wako sawa katika kutokijua. Ama kitu kilichofichika kwake na kikawa wazi kwa mwenzake, hicho hakukiridhia. Alikinyamazia tu kwa kuwa hakukiona. Ridhaa ya kipofu mbele ya mwenye macho si ridhaa mpaka mwenye macho aseme alichokiona. Na hii ndiyo maana ya kile kisa mashuhuri cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta maji ndani yake, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile sehemu iliyolowa juu, watu waione. Hakumwuliza kama alikuwa na muhuri.

Sasa huenda mtu akasema: "Na ikiwa muuzaji naye hakujua?" Hapo ndipo penye suala lenyewe, na wanavyuoni walilijua kabla ya kuundwa injini yoyote duniani. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdallah bin Umar alimwuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kuepukana na ila zake. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa asioambiwa. Wakapelekana kwa Sayyidna Uthman, naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomwuza hakuujua ugonjwa ule. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirham 1,500. Tazama, ndugu msomaji: sharti lilikuwapo, na muuzaji alikuwa mtu asiyeshukiwa uongo na yeyote, na hata hivyo Uthman hakutosheka na lile sharti peke yake. Alitaka kujua kilichokuwa moyoni mwa muuzaji siku ya kuuza.

Ndipo Imam Shafi, na sisi watu wa pwani na bara hii wengi wetu ni wa madhehebu yake, akaliweka jambo hili mahali pake kwa namna ambayo tumeiona ni ya ajabu kwa uzuri. Alisema kwamba sharti la kuepukana na ila humwokoa muuzaji katika kitu cha namna moja tu: mnyama, au kiumbe chenye uhai kwa jumla, tena katika ila ya ndani ambayo muuzaji hakuijua. Sababu yake ni kuwa kiumbe hai si kama vitu vingine. Hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na tabia yake hugeuka usiku na mchana. Ni nadra kusalimika na ila iliyojificha, na mwenyewe hana njia ya kuifikia. Ama nguo, au chombo, au nyumba, sharti hilo halimwondolei muuzaji dhamana, ajue asijue.

Basi tukauliza darasani: injini ni mnyama au ni chombo?

Msicheke. Isiolo ni mji wa mifugo. Hapa mtoto hujua kumtazama ngamia meno na mwendo kabla hajajua kusoma herufi. Mzee mmoja wetu, ambaye umri wake wote ameupitisha minadani, alishikilia kwamba injini ni mnyama. Akasema: hula mafuta, hunywa maji, huvuta pumzi, hupata homa, huzeeka kwa ndani na kwa nje ikang'aa, na aliyeiuza ameipokea imefungwa, naye ameiuza imefungwa, kama mtu auzavyo ng'ombe asiyeweza kumpasua tumbo atazame ini. Hoja hii ilituzuia usiku mzima, na hatuoni haya kusema kuwa ni hoja ya mtu mwenye akili kuliko baadhi yetu tuliosoma vitabu.

Lakini tulipoichunguza tuliiona ina upungufu mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo msingi ulipo. Ng'ombe ukimfungua umemchinja. Injini ukiifungua unaweza kuifunga tena. Kichwa chake huvuliwa, hupelekwa kwa wachonga vyuma, hutiwa hewa kikiwa ndani ya maji, na ufa hujionyesha kwa mapovu. Mgandamizo wa kila silinda hupimwa kwa saa yake bila hata kukivua. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Tena injini haijiponyi yenyewe kama yule mtumwa wa Ibn Umar, wala haiugui kwa kudra isiyo na sababu. Kila ila yake ina chanzo na alama. Kwa hivyo muuzaji asemaye "sikujua" amesema kweli, lakini hakujua kwa kuwa hakutazama, na hakutazama kwa kuwa kutazama kuna gharama. Hiyo gharama aliyojiokolea ndiyo aliyomtwika mnunuzi, na muhuri wa risiti ndio uliokuwa kamba ya kumfungia mzigo.

Kwa hiyo tumeona kuwa injini ni chombo, na sharti la kuepukana na ila halimwokoi muuzaji wake.

Ama zile siku 14, wapo waliosema kuwa dhamana ya zaidi ya siku tatu haisihi, kwa kuwa khiari ya sharti katika madhehebu yetu haipiti siku tatu. Jibu letu ni fupi: muuzaji hapa hakujiwekea hiari ya kuvunja biashara, bali ameahidi kuwa kitu ni kizima. Siku hizo hupima ahadi yake ya ziada. Hazipimi haki iliyokuwapo kabla yake. Ufa ule ulichomelewa kabla injini haijafika Isiolo, na siku ya 15 haikuugeuza kuwa wa mnunuzi. Ng'ambo, katika nchi kama Marekani na Australia, wanaofufua injini hubandika juu yake kibandiko kidogo ambacho katikati yake huyeyuka joto likipita kiasi, ili ikirudi ijulikane kama ilichemshwa na mnunuzi. Huyo ni shahidi asiyekula rushwa, na twatamani wafanyabiashara wetu wamjue.

Hapo mwenye lori alianza kutabasamu, nasi tukamwuliza maswali yake. Ikabainika kwamba siku ya 12, akipanda mlima wa kuelekea Subuiga, aliona mshale wa joto umepanda. Aliongeza maji akaendelea. Akamwuliza fundi, naye akamwambia kuwa ni rejeta tu, abadilishe kifuniko. Muuzaji hakuambiwa neno. Kisha akachukua mzigo wa Marsabit, kiasi cha kilomita 260, kwa kuwa tajiri wa mzigo alikuwa akimngoja, na mshale ukapanda mara mbili nyingine.

Sharia inamtaka aliyeona ila airudishe bila kuchelewa, na akiitumia baada ya kuijua basi ameiridhia. Wanavyuoni wamempa udhuru wa kumpanda mnyama njiani akienda kumrudisha, iwapo ni mkaidi, hashikiki kwa kusukumwa wala kuvutwa. Lori lililochemka halina ukaidi huo. Huvutwa kwa kamba. Hata hivyo hatukuweza kusema kuwa aliridhia, kwa sababu alichokijua ni joto, hakuujua ufa, na fundi alimwelekeza kwingine. Lakini kule kuendesha kwa joto kumezaa ila mpya: pistoni mbili zimekwaruzika. Na kitu kilichopatwa na ila mpya mkononi mwa mnunuzi hakirudishwi kwa nguvu. Muuzaji hutoa tofauti ya thamani baina ya injini nzima na injini yenye ufa ule, na pistoni hubaki juu ya mwenye lori.

Wapo waliotaka jambo hili lipelekwe kwa Kadhi. Twawakumbusha kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imemwekea Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, injini haimo. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia ya hasara itokanayo na ila, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameidhamini bidhaa yake hata kama hakusema. Asiyetaka sulhu anayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016 kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si dhambi kwenda huko. Ila jirani akimshitaki jirani kabla ya kukaa naye ameruka hatua.

Amebaki fundi. Rabi bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imam Shafi, ameeleza kwamba Imam aliona mafundi hawana dhamana ila kwa kilichoharibiwa na mikono yao, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, akiwachelea mafundi wabaya. Nasi leo tunaitangaza pamoja na ile hofu yake. Fundi huyu hakuufanya ufa, na ujira wake wa kufunga ni haki yake kamili. Lakini aliulizwa juu ya joto akajibu bila kufungua wala kupima, na kwa jibu lake mtu akaenda Marsabit. Hilo ni tendo la ulimi wake, na ulimi wa fundi ni chombo chake kama ulivyo mkono. Tulimtaka aifunge injini mara ya pili bila ujira, naye mwenye lori anunue pistoni na gasketi. Fundi alikubali siku ile ile. Muuzaji aliomba kwanza tumtajie mtu anayepima vichwa vya silinda, maana anazo injini nne nyingine ghalani zilizotoka katika mzigo ule ule. Kisha akalipa nusu ya tofauti ya thamani, na nusu ya pili ameahidi baada ya mnada ujao. Mwenye lori bado haridhiki kwa habari ya pistoni.