Mchanga, Kivuli na Kadari

Kasa hawi dume wala jike tumboni mwa mama yake. Yai likishafukiwa, joto la mchanga ndilo hukata shauri, na hulikata katikati ya zile siku hamsini au sitini ambazo yai hukaa chini. Mchanga ukiwa na joto la karibu nyuzi 29 za Selsiasi, madume na majike hutoka kwa idadi zinazokaribiana. Ukipoa, madume huzidi. Ukipata moto, majike.

Jambo hili linanihusu mara mbili. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na pia ni mmoja wa wanaohamisha mayai ya kasa kutoka kisiwa cha Maziwe kuyaleta pwani ya Ushongo, wilayani Pangani. Maziwe iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1975. Miti yake iliisha yote, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa hajapewa habari hizo. Anarudi kutaga palepale, na mayai yakiachwa yanakufa kwa maji.

Basi huhamishwa, na hapo inaanza kazi ya kutafuta mchanga. Mchanga laini mno hushikamana ukayanyima mayai pumzi, maana ganda la yai la kasa si gumu kama la kuku. Linabonyea, na hupitisha hewa na maji. Mchanga mkavu wa juu nao hubomokea shimoni kabla hujamaliza kuchimba. Mimi huchota wa chini nikaufumbata: ukibaki donge bila kuchuruzika maji, umefaa. Natoa mizizi, kwa kuwa mzizi hutafuta maji na utayapata ndani ya yai. Natazama matundu ya kaa na njia za siafu. Kisha nachimba kina kile anachochimba mama, mkono mzima hadi bega, shingo nyembamba na chini pana. Mayai hayageuzwi. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda, na ukilipindua yai umemuua. Mwisho namwagia juu ule mchanga uliokuja nayo kwenye ndoo kutoka kisiwani.

Linabaki la kuchagua mahali: chini ya mnazi au juani? Kijana mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyelifanya kuwa swali la dini. "Ustadhi," akaniambia, "tukifukia kivulini si tunaagiza madume? Na Kurani si imesema mtoto wa kike na wa kiume ni wa kutoa Mola?" Alikuwa na Sura ya Shura akilini, na hakukosea.

Lipo jibu la haraka: mchanga ni sababu tu, mtendaji ni Mungu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye wa madhehebu ya Shafi kama sisi watu wa pwani, aliijenga hoja hiyo kwa pamba na moto. Tunaona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini tulichokiona ni mambo mawili yanayofuatana. Hatukuona moto wenyewe ukiunguza. Ibn Rushd akamjibu baadaye kwamba anayekana sababu amekana na akili. Nimewasoma wote wawili, na penye shimo la mayai ugomvi wao haunipunguzii mzigo. Ghazali huyohuyo alikuwa mwanafikihi, na hakuna fikihi inayomwachia huru aliyetia moto pamba ya jirani kwa hoja kwamba moto hauunguzi. Mkono uliosogeza ndio utakaoulizwa.

Wengine hunitajia kisa cha Bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu. Kisa hicho kinatosha kutetea uhamishaji. Hakitoshi kutetea kivuli. Kumfunga ngamia ni kulinda kilichopo. Kuchagua dume au jike ni kuamua kitakachokuwa.

Walionisaidia hapa ni wanyama wenyewe. Kenge hutoboa kichuguu chenye mchwa, akataga humo, akaenda zake. Mchwa huliziba tundu, na mayai yakala joto na unyevu ambao mchwa wanajitunzia wao. Mamba jike huganda karibu na kiota. Watoto wakilia, hufukua na kuwabeba kinywani hadi majini. Kasa yeye humaliza ulezi wake wote kabla ya kuondoka. Hupanda pwani, huchimba, pengine hughairi akarudi baharini bila kutaga. Akishafukia, hageuki tena nyuma. Kuchagua mahali ndio umama wake wote. Kazi hiyo Mungu alimkabidhi yeye, na haijampunguzia Mungu kitu. Sisi tunaohamisha tunamkaimu. Na anayekaimu hafanyi la kwake. Hufanya ambalo mwenyewe angelifanya.

Lakini mwenyewe angefanya nini leo? Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwa kasa wachanga waliotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, zaidi ya asilimia 99 ni majike. Hakuna aliyekaa kule akaagiza majike. Ni joto la dunia, na sehemu kubwa ya joto hilo imetokana na moshi wetu wanadamu. Kwa hiyo anayesema tusiguse, tuwaachie kadari yao, amechelewa. Mkono wa binadamu uliingia mchangani zamani, kabla sisi hatujachukua ndoo.

Pale Maziwe, miti ilipokuwepo, kasa alikuwa na jua na kivuli, achague. Sasa hana. Ndiyo maana viota vingine navifukia juani na vingine naviwekea makuti juu ya vijiti. Nakusudia kurudisha hali aliyokuwa nayo. Ninapokataa ni pale kipimajoto kinapotaka kugeuzwa daftari la oda, madume kadhaa mwaka huu, majike kadhaa mwaka ujao. Hapo tumeacha kukaimu, tumekalia kiti.

Kijana wangu alitaka kujua mpaka uko wapi hasa, maana makuti ni yaleyale. Ni kweli, makuti ni yaleyale, na macho ya mtu mwingine hayawezi kuuona mpaka huo. Uko kwenye nia, na fikihi yetu inaanza na nia hata katika udhu. Sitarajii kuulizwa siku ya hesabu ni wangapi walitoka madume. Natarajia kuulizwa kama pale nilipoyaweka mama yao angekubali kupachimba.