Nyasi za Kiangazi

Kila mradi mkubwa ulioletwa kwenye delta ya Mto Tana umetanguliwa na maneno mawili: ardhi tupu. Ogopa maneno hayo. Anayeyasema huwa amefika siku moja, akatazama nyasi kutoka barabara ya Garsen, asione nyumba wala ua, akarudi mjini kuandika ripoti.

Angekaa mwaka mzima angeona mambo mengine. Mvua zikinyesha bara, mto hufurika na kumwaga tope kwenye tambarare yote, na wakulima Wapokomo hupanda mpunga maji yanapoanza kushuka. Kiangazi kikikaza, mifugo huteremka kutoka hata Ijara na Garissa, maana kwingine kote nyasi zimekwisha. Hupita kwenye malka, zile njia za kunywesha zinazokata katikati ya mashamba hadi mtoni. Malka isipokuwa na ng'ombe huonekana kama kichochoro tu cha vumbi kati ya miembe, na kwenye ramani ya mpimaji haipo. Ukiiziba, lakini, ng'ombe mwenye kiu hatarudi Ijara. Atapita kwenye mpunga wa mtu.

Miradi yenyewe ilianza na mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mito ya Tana na Athi. Mamlaka hiyo ilijenga tuta kuukinga mradi na mafuriko, na mvua za El Niño za 1997 zikalivunja. Mto ulikuwa umerudi kwake. Hata hivyo mwaka 2008 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliidhinisha mradi mwingine wa TARDA, safari hii pamoja na kampuni ya sukari ya Mumias: miwa kwenye hekta zipatazo 20,000. Wenyeji walikwenda Mahakama Kuu Malindi kuupinga. Wakati huohuo wageni wengine walikuwa wakipiga hodi, huyu akitaka kupanda jatrofa, yule mbegu za mafuta, kila mmoja na ramani yake na kipande chake.

Kisha ukaja Agosti 2012. Wakulima na wafugaji walikuwa wamegombana juu ya mashamba yaliyoliwa na njia zilizozibwa, na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilizidi kuchochea. Alfajiri moja kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakauawa watu wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto. Visasi vikafuata huku na huku, hadi waliokufa wakapita 100. Siwezi kusema miwa iliwaua, haikuwa imepandwa. Nasema hivi: ukiwafundisha majirani kwamba malisho na shamba ni mali ya atakayewahi kupata karatasi, umewaondolea sababu ya kungojana.

Mwaka huohuo delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru pawe na mpango wa matumizi ya ardhi utakaotengenezwa pamoja na wenyeji wenyewe. Basi watu wa vijiji wakaketi, mkulima na mfugaji, wakataja hii malka, hili shamba, huu msitu, kazi iliyopaswa kutangulia ile ramani ya kwanza kabisa.

Mumias iliwekwa chini ya meneja mrasimu 2019. Ng'ombe wa Ijara bado wanateremka kila kiangazi, na nyasi wanazikuta.