Siku za Akiba ni za Nani?

Nina swali ambalo lilinikosesha usingizi Ramadhani iliyopita: mtu akichelewesha kazi yake, lakini mradi ukamalizika siku ile ile iliyopangwa, je, amemdhulumu mtu?

Sisi wanafunzi wa uhandisi hufundishwa kupanga mradi kwa mtandao wa kazi, mbinu iliyotungwa Marekani mwaka 1957 na James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa DuPont. Unaorodhesha kazi zote, unaandika kila moja itachukua siku ngapi na inangoja ipi, kisha unatafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Hiyo ndiyo njia kuu: kazi yake moja ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa. Kazi zilizo nje ya mnyororo huo zina siku za akiba.

Jumuiya yetu ilipojenga mahali pa kutawadhia, mtandao niliuchora mimi. Kuchimba msingi siku 2, kumwaga zege la kubebea tangi siku 4, kungoja zege likomae siku 14: jumla siku 20. Upande wa pili, kununua mabomba siku 3, na fundi kuyalaza siku 6: jumla siku 9. Akiba, siku 11. Kununua mabomba ilikuwa kazi yangu.

Nilijua nina siku 11, nikazila zote. Kila fundi aliponipigia simu nilimjibu, "Kesho, inshaallah." Mabomba yakafika siku ya 14. Siku ya 16 fundi akaomba ruhusa ya siku moja ampeleke mwanawe hospitali. Kamati ikakataa: Ramadhani inaingia, na kazi yake sasa haikuwa na akiba hata ya saa moja. Mkewe akaenda peke yake. Mtoto alipona, alhamdulillah. Tukafungua kwa wakati, nami nikapongezwa kwa mpango mzuri.

Atakayesema sikumdhulumu mtu kwa kuwa mpango uliruhusu, anahesabu siku za mradi, hahesabu watu. Zile siku 11 zilikuwa za mnyororo wote, zangu na za fundi. Mimi nilizitumia kwa uvivu, yeye akazikosa penye dharura. Mali ya ushirika ukiila peke yako haiwi halali eti kwa sababu hesabu ya mwisho imelingana.

Na ile inshaallah yangu? Surat al-Kahf inatufunza tusiahidi jambo la kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ni neno la mtu aliyekwisha kuazimia, naye anakiri udhaifu wake. Mimi sikuwa nimeazimia lolote. Nililifanya pazia.

Haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Mwenyewe lazima aombwe radhi. Nilimwendea fundi nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilidhani mwenye duka ndiye aliyekuchelewesha." Kumbe hata lawama nilikuwa nimemtwika mtu mwingine.

Alinisamehe. Tangu siku hiyo, kabla ya kutumia siku ya akiba, humuuliza kwanza anayenifuata kama anaihitaji.