Kijiti cha Waridi

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na mji wa Sumbawanga umekaa juu yake kwa kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Miti yake ni michache na majani yake ni mengi, na upepo wa Juni na Julai humfanya hata mwenyeji atafute nguo nzito. Wafipa ni wakulima tangu kale. Tuta lao la mviringo ni elimu kamili: majani hufukiwa chini ya udongo yangali mabichi, yakaoza humo, na msimu ujao ulezi na maharage hula kile kilichokuwa magugu. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne iliyotegemewa na taifa kwa mahindi. Nchi kama hii haina deni kwa ua lolote lisiloliwa.

Hata hivyo waridi limo. Si la asili. Afrika iliyo kusini ya Sahara inalo waridi moja tu la mwituni, nalo huota katika milima ya Uhabeshi na nchi zilizo jirani nayo. Halikufika Ufipa kwa mbegu yake wala kwa ndege wa angani. Kila mwaridi uliopo Sumbawanga, kama umesimama mbele ya nyumba ya ibada au nyuma ya jiko la mtu maskini, ulifika umeshikwa mkononi, au ni mtoto wa uliofika hivyo. Kwa sababu hiyo mji huu ni mahali panapofaa kuulizia swali ambalo kwingine huonekana dogo. Mtu aliyezuru bustani ya mwenziwe, akaondoka na kijiti cha waridi, ameondoka na nini, na kilikuwa cha nani?

Desturi ya uani haina mzungumzo mrefu. Mgeni husimama mbele ya mwaridi akasema, "Mama, ua lako limenipendeza." Mwenye nyumba hujibu, "Chukua, mwanangu," akaingia ndani kutafuta kisu. Hukata kijiti cha unene wa kalamu ya risasi, chenye macho matatu au manne, akakifunga kwa kitambaa kilicholowa maji. Aliyesifu hakuomba, na aliyetoa hakuombwa. Lakini wote wawili walijua tangu neno la kwanza jinsi jambo litakavyokwisha. Mgeni ambaye angevunja tawi lile kwa siri wakati mwenyeji yuko jikoni angekuwa mwizi, ingawa kijiti ni kile kile na mwaridi haukupungukiwa zaidi. Hapa adili halitazami kitu kilichochukuliwa, bali mkono kiliopitia.

Na ahamishwe sasa mgeni huyu, apelekwe mahali ambapo waridi lina wenyewe wanaojulikana kwa majina na kwa hati. Bustani ya L'Haÿ, karibu na Paris, ilianzwa mwaka 1899 na Jules Gravereaux ili iwe na waridi tu, bila ua la jamii nyingine. Ile ya Sangerhausen, Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 1903, nayo ina maelfu ya aina zilizokusanywa ili zisipotee. Katika kijiji cha Albrighton, Uingereza, kuna kitalu cha David Austin, ambako wageni huja mwezi wa Juni, wakainamisha nyuso juu ya maua, wakaandika majina katika vitabu vyao, kisha wakaagiza miche ipelekwe kwao wakati wa baridi, mizizi ikiwa mitupu bila udongo. Huko kuzuru ni starehe na ni biashara, wala hakuna aonaye haya kwa kuviunganisha viwili hivyo. Mgeni wa Sumbawanga akitoa kisu chake mfukoni, atasimamishwa. Atasema, "Nimelisifu tu." Maneno yake yatakuwa kweli, na hayatamfaa.

Sheria inayomzuia ina historia fupi. Hati ya kwanza ya kumiliki aina ya mmea ilitolewa Marekani mwaka 1931, nayo ilitolewa kwa ajili ya waridi, mtambao uitwao New Dawn. Miaka 30 baadaye, mwaka 1961, mataifa yalitia saini mjini Paris mkataba wa kuwalinda wazalishaji wa aina mpya za mimea. Tanzania ilitunga sheria yake ya haki za wazalishaji mwaka 2012, ikaingia katika mkataba huo mwaka 2015.

Ni rahisi kuwalaumu watu hao kwa uchoyo, na wengi wanaowalaumu hawakupata kuona kazi yao. Kupata waridi jipya, mtu huchukua chavua ya ua moja akaipaka ua jingine, akangoja tunda liive, akapanda mbegu, kisha akatazama maelfu ya miche ambayo karibu yote itatupwa. Miaka minane si mingi kabla ya mche mmoja kustahili jina. David Austin alitoa waridi lake la kwanza, Constance Spry, mwaka 1961, na haikuwa mpaka mwaka 1983 ndipo ulimwengu wa bustani ulipomgeukia. Kama kila aliyezuru angeondoka na kijiti, na kila kijiti kingezaa vitalu kumi vya kuuza, nani angekaa miaka 20 akipaka chavua kwa brashi? Hoja hii ina nguvu, na asiyeweza kuijibu hana budi kuikubali.

Lakini upande wa pili nao una la kusema. Lile waridi la mwaka 1931 halikuzalishwa na mtu kwa chavua wala kwa brashi. Ulikuwapo mwaridi uitwao Dr. W. Van Fleet, uliochanua mara moja kwa mwaka. Siku moja mmea wa aina hiyo ukatoa tawi lililochanua tena na tena. Mwanadamu aliliona, akalikata, akaliotesha. Macho yake yalistahili sifa. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini kuona kulimpa milki ambayo aliyepanda na kumwagilia hakupewa. Tena sifa hiyo ya kuchanua mara nyingi, ambayo leo karibu kila waridi la dukani linayo, ilitoka katika bustani za Uchina, ambako wakulima waliitunza kwa vizazi vingi kabla ya miwaridi yao kupelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Haijulikani kwamba mtunza bustani yeyote wa Kichina alilipwa mrabaha. Wazalishaji wa leo ni wajukuu wa wageni walioondoka na vijiti.

Kuna mahali ambapo mambo haya yamepangwa kwa namna nyingine, napo hapako mbali na Waswahili. Katika Jabal al-Akhdar, Oman, kwa kimo cha mita 2,000 hivi, ambacho hakipitani sana na cha Ufipa, waridi hulimwa kwenye ngazi za mawe zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Maua huchumwa asubuhi mapema kabla jua halijakausha harufu, katika wiki chache za Aprili na zilizo kando yake, kisha huvukizwa juu ya moto hadi yatoe maji ya waridi, yale yale ambayo watu wa Unguja huyatia katika mrashi na kuwanyunyizia wageni katika maulidi na arusi. Jamaa za Kioman zenye Kiswahili vinywani mwao, zilizorudi huko kutoka Zanzibar, huyajua maji hayo kwa pande zote mbili za bahari. Katika mlima ule ngazi ina mwenyewe, zamu ya maji ya mfereji ina mwenyewe, na chupa iliyojazwa ina mwenyewe na bei yake. Aina ya waridi haina mwenyewe. Huuzwa jasho, na hapana mtu anayeona kwamba ameibiwa.

Swali la milki huzidi ugumu mtu akichimba chini ya mwaridi wa kitalu. Miwaridi mingi inayouzwa haisimami juu ya mizizi yake yenyewe. Mtunza kitalu huchukua jicho la aina bora, hulichomeka chini ya gome la mwaridi wenye nguvu usiojulikana kwa uzuri, akafunga; hiyo ndiyo kazi iitwayo kubebesha. Nchini Kenya shina litumiwalo sana ni lile liitwalo Natal Briar. Kikonyo kina jina, hati na picha. Shina lina kazi. Kule Ufipa husimuliwa habari inayolingana na hiyo. Wanawake wageni walifika Milansi wakati mtawala wake, Ntatakwa, alipokuwa mawindoni, wakaketi juu ya kigoda chake. Aliporudi hakuwafukuza. Aliwaachia utawala wa nchi, akabakiwa na Milansi na ardhi kidogo iliyoizunguka, pamoja na heshima ya aliyekuwapo kwanza. Wafipa hawakusahau tangu hapo ni nani kikonyo na ni nani shina. Watunza vitalu wana sababu nyingine ya kutosahau: ukiacha kutazama, shina hutoa machipukizi yake toka chini, na katika miaka michache waridi lenye hati limekufa na lile lisilo jina limechukua mahali pake.

Huko Naivasha na Arusha waridi ni kazi ya mshahara. Mwanamke akatae maua tangu alfajiri hugusa mashina mengi kwa siku kuliko yote yaliyopo katika ua wowote wa Sumbawanga, na hawezi kuondoka na hata kijiti kimoja cha kuotesha nyumbani kwake, kwa maana aina ile imelipiwa mrabaha mche kwa mche. Ufipa haina biashara hiyo. Baridi yake ingefaa, lakini waridi la kuuzwa Ulaya hukaa karibu na uwanja wa ndege mkubwa. Waridi la Sumbawanga halimwendei mtu; mtu hana budi kuliendea.

Basi hukumu iwe vipi? Mkataba wenyewe, ukisomwa kwa utulivu, hauigusi desturi ya uani: humwacha nje mtu atendaye faraghani bila kutafuta faida. Mama aliyekata kijiti na mwana aliyekipokea hawana kosa, hata kama waridi lile lina hati huko Ulaya. Kosa huanza pale mpokeaji anapootesha vijiti 200 na kuviuza sokoni kwa jina la kazi ya mtu mwingine. Mpaka huo ni wa haki. Lililo la kuogopwa ni kwamba watu husikia marufuku na hawasikii mpaka. Khofu iliyoanzia kitaluni ikihamia shambani, mwanamke wa Ufipa ataanza kusita kumgawia jirani mbegu ya ulezi iliyotoka kwa nyanya yake, mbegu ambayo haina hati wala haikupata kuwa nayo, na ambayo sheria haikuikusudia. Mbegu za kununuliwa, za aina zilizolindwa, zina masharti yake. Asiyejua tofauti atazitendea zote kama za dukani, na hasara hiyo haitaonekana katika hesabu za mtu yeyote.

Wapenzi wa waridi wa Texas, Marekani, waligundua jambo hilo kwa njia yao. Tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakizuru makaburi na nyumba zilizoachwa, wakikata vijiti vya miwaridi ya zamani ambayo vitalu vilikwisha kuitupa. Baadhi ya aina zilizodhaniwa kuwa zimepotea zilikutwa zimesimama juu ya kaburi la mtu aliyezipokea kwa jirani.

Kijiti kilichotoka Sumbawanga na kitambaa chake huzikwa nusu yake udongoni mwanzo wa mvua za Novemba, mahali penye kivuli. Kikishika, mvua zitakiacha mwezi wa Aprili kikiwa na majani, na kiangazi chote kitataka maji ya kubebwa kichwani. Na ikiwa mwaka wa tatu mwaridi wa yule mama utaliwa na mchwa mpaka ukauke, atajua nyumba ya kuiendea, na maneno ya kusema akifika.